Vijana wa mauzo wa mitandao mipya, acheni kuhesabu laini

Juzi kijana mmoja karusha picha kwenye kundi letu la kazi: mwavuli, foleni, na chini yake kaandika "tageti ya mwezi imeisha leo!" Wenzake wakammiminia makofi. Mimi nikashika kichwa. Wadogo zangu, hebu tuzungumze.

1. Aliyepanga foleni kwenye mwavuli wako amefuata bando ya ofa, hajakuhamia. Namba yake ya zamani ndiyo iliyo kwa bosi, benki, kikoba na mama mkwe, na haitoki sloti ya kwanza. Tanzania mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba tangu Machi 2017. Muulize mteja wako kama hata analijua hilo. Mhesabu mtu akishaweka vocha mara ya tatu kwa hela yake mwenyewe.

2. Mawakala. Hapa nitakaa, maana hili liliniumiza.

Nilikuwa msimamizi wa eneo katika mtandao mpya, siutaji. Tukazindua siku ya gulio: spika, tisheti, wacheza ngoma. Nikashika kipaza sauti nikawaambia wafanyabiashara wapokee malipo kwetu, makato yetu nafuu. Mama mmoja wa maharage akanisikiliza. Mnunuzi wake wa mjini akamtumia hela kwenye laini yetu, ikaingia papo hapo, nikapiga naye picha.

Akaenda kutoa. Wakala akamwambia, "Mtandao unasumbua, mama." Minara ilikuwa imejaa kwenye simu yangu! Nikamfuata wakala, akanifungulia droo. Keshi ilikuwemo, ila ilikuwa ya wateja wa mtandao mkubwa, ambao huweka na kutoa kutwa nzima. Akimpa mteja wangu, alisema, atabaki na floti (hela ya wakala iliyo kwenye simu) ya mtandao wangu, na hakuna anayekuja kuweka hela kwenye mtandao wangu, kwa hiyo mtaji wake umelala. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Na jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu ya mawakala "hai", niliyoitia tiki nikiwa ofisini kwa kuwa tu laini yake ya uwakala ilishasajiliwa.

Mama akarudi kwangu, wapakiaji wakiwa nyuma yake wanadai chao, lori linaunguruma. Nikamwambia, bila haya, "Jaribu wakala mwingine, mama." Wakala mwingine hakuwepo, na nilijua. Akakopa kwa jirani yake wa meza. Gulio lililofuata nilimsalimia, akaitikia vizuri tu, lakini simu iliyokuwa mezani ilikuwa na laini yake ya zamani, na meza zote za jirani zilishapata habari.

Kwa hiyo fungua droo ya wakala kabla hujawasha spika.

3. Msidhani bei itamuua mkubwa. Kenya mwaka 2010 gharama ya mwingiliano, ile mtandao mmoja unamlipa mwenzake kwa kupokea simu zake, ilipunguzwa kwa nusu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, Zain (baadaye Airtel) wakashusha dakika hadi shilingi 3. Safaricom, mkubwa wa kule, naye akashusha, akaendelea kuishi. Mtandao wa Yu, aliyekuja na bei za chini, aliondoka 2014: wateja wakaenda Airtel, minara ikaenda Safaricom. Mwenye mfuko mrefu anavumilia bei ya hasara kuliko wewe, na wewe huna huduma ya fedha iliyokomaa ya kukubeba wakati dakika hazilipi.

4. Nendeni ambako mkubwa hajafika. Halotel walipoanza Tanzania 2015 walikuja na mkongo wao na minara vijijini. Kule laini yako ndiyo ya kwanza kwenye simu, na wakala hana droo ya mwingine wa kumpendelea. Ila msimwahidi mwenyekiti wa kijiji mnara ambao wahandisi hawajauweka kwenye mpango. Atakupigia kila Jumatatu hadi ubadilishe namba, na ukibadilisha utamkuta ofisini.

5. Usisajili laini ya mtu kwa kidole cha mwingine, hata akikulilia.

6. Kamisheni ya frilansa, yule anayewauzia laini mtaani bila kuajiriwa, ilipwe siku mliyomwahidi. Mwajiri wenu akizungusha, frilansa hatagombana na mtu. Utamkuta kona ileile, chini ya mwavuli wa rangi nyingine, anawaita wateja wako kwa majina.