Kuzima Linux kwa kuupelekea ishara mchakato namba 1

Ndugu, umeuliza kwa nini amri ya kill -9 1 (kupeleka ishara ya 9, ile ya kuua, kwa mchakato namba 1), uliyoitoa ukiwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, haikuizima mashine yako wala kuleta ujumbe wowote wa kosa. Hukukosea kuandika. Kerneli, yaani kiini cha Linux, huulinda mchakato namba 1, ambao ndio programu ya kwanza kuanzishwa, iitwayo init: ishara yoyote ambayo mchakato huo haukujiandaa kuipokea hutupwa kimyakimya, na ishara ya 9 ndiyo ile ambayo hakuna programu inayoweza kujiandaa kuipokea. Ni heri iwe hivyo, kwa sababu mchakato huo ukifa, kerneli husimamisha kila kitu papo hapo, na data ambayo haijaandikwa kwenye diski hupotea.

Kwa hiyo hauuawi, huombwa, na kila init ina lugha yake. Mimi nililijua hilo siku seva moja ilipokwama kiasi kwamba systemctl poweroff, amri ya kuzima ya systemd (init ya Linux nyingi), ilijibu tu kuwa imeshindwa kuunganishwa na D-Bus, njia ya programu kuwasiliana. Nikaandika kill -TERM 1, ishara ya kuiomba programu ijifunge, nikasubiri, nikasubiri tena. Terminali ikabaki wazi kana kwamba sijafanya lolote. Kumbe systemd ikipokea TERM hujipakia upya yenyewe, huku huduma zote zikiendelea kufanya kazi. Kilichonitoa ni hiki:

kill -s RTMIN+4 1

Huduma zilianza kusimama kwa utaratibu, muunganisho wangu wa mbali wa SSH ukakatika, na baada ya muda mashine ikazimika. RTMIN+5 huiwasha upya, na RTMIN+3 husimamisha mfumo bila kukata umeme. Zipo pia +13, +14 na +15, ambazo hufanya hayo hayo bila kuzisubiri huduma. Mimi huziweka kuwa za mwisho kabisa. Andika jina, si namba: RTMIN ni namba ya kuanzia kuhesabu ishara hizi, na katika maktaba ya C iitwayo glibc ni 34, lakini katika nyingine iitwayo musl ni 35, na tofauti hiyo ya moja inatosha kukupa kuwasha upya badala ya kuzima au kinyume chake.

Kwenye vifaa vidogo vyenye BusyBox, kifurushi cha zana ndogo chenye init yake, mambo hugeuka: USR2 ndiyo huzima, na ile TERM, ambayo kwa systemd haina madhara, huwasha kifaa upya. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine usio Linux, nayo huzima kwa USR2, ila TERM huirudisha kwenye hali ya mtumiaji mmoja, ile ya matengenezo, jambo linaloudhi sana ikiwa uko mbali na kibodi yake. Ndiyo maana kwenye Linux hutanguliza ls -l /proc/1/exe, nione ni nani hasa ninayemwomba.