Weka jembe chini: nyoka wa uani huku Ohio

Kila ikifika Aprili simu zinaanza. Kaka, kuna nyoka gereji. Kaka, yuko kwenye ngazi, tummwagie petroli? Wengi wanaonipigia wamekulia Congo, Burundi au Kenya, ambako koboko na kifutu si hadithi, na ukiona nyoka unatafuta fimbo kwanza. Siwalaumu. Ila Ohio nzima ina aina tatu tu za nyoka wenye sumu ya kuogopwa, na aliye kwenye nyasi zako hapa Columbus karibu kila mara si mmoja wao.

Mara nyingi ni garter: mwembamba, mweusi au kahawia, mwenye mistari mitatu ya manjano kuanzia shingoni hadi mkiani. Hula nyungunyungu na vyura, ndiyo maana humkosi penye majimaji, hasa chini ya mawe karibu na bomba. Hatagi, huzaa watoto wakiwa hai, pengine zaidi ya ishirini kwa mkupuo, kwa hiyo ukikuta vitoto vingi Agosti usidhani umerogwa. Ukimshika atakupaka uvundo ambao sabuni ya mara moja haiutoi.

Yule mweusi mrefu, wa mita moja na nusu au zaidi, ni mla panya. Hupanda ukuta wa matofali wima bila shida. Akiwa darini kwako, jiulize anakula nini humo. Akibanwa hutikisa mkia kwenye majani makavu, na hapo watu huapa wamesikia nyoka wa njuga, yule mwenye sumu anayelia kwa mkia.

Ninayempenda mimi ni hognose, yuko kwenye mchanga karibu na Toledo, ana pua iliyobinuka. Alinitanulia shingo kama swila, akafoka, kisha akajitupa chali, mdomo wazi, ulimi nje. Nikamgeuza kwa kijiti alale kifudifudi. Maiti ikajigeuza chali tena!

Watu watakwambia utazame mboni ya jicho: ya mviringo ni salama. Achana nayo. Koboko wa kwetu ana mboni za mviringo. Kichwa cha pembetatu nacho hakisaidii, maana hata wasio na sumu hukibapanya wakiogopa. Jifunze nyoka wa jimbo lako kwa rangi na mistari, basi. Naftalini, vile vidonge vya kufukuzia nondo kwenye nguo, haimfukuzi nyoka, na mtoto akiimeza ni balaa.

Akiingia ndani, laza pipa la takataka ubavu, msukume taratibu kwa ufagio, kampeleke vichakani. Halafu ziba nyufa za msingi na uondoe kuni zilizoegemea ukuta. Akikuuma na una hakika ni garter, osha kwa maji na sabuni. Kama huna hakika, nenda hospitali, na usipoteze muda kumfukuza ili umuue: wengi huumwa wakiwa katika kazi hiyo hiyo. Picha ya kutoka mbali inatosha. Nitumie hiyo kabla ya kugusa jembe, hata kama ni usiku.