Wasomaji Wauliza: Kenny Rogers na ile Greatest Hits ya 1980

Safari hii barua tatu zimegusa santuri moja, Greatest Hits ya Kenny Rogers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, iliyotoka mwaka 1980, kwa hiyo nazijibu pamoja, na niseme mapema kabisa kwamba hii ni albamu naipenda kwa moyo wote kwa hiyo msitegemee nitaiongelea kama hakimu.

SWALI: Marehemu baba alituachia santuri chache na aliyoipenda kuliko zote ni hiyo Greatest Hits. Kaka yangu mkubwa anasema ile sio albamu ya ukweli, ati kampuni ilikusanya nyimbo za zamani iziuze mara ya pili, na tena Kenny mwenyewe hakuandika hata hizo nyimbo zilizompa jina. Nimjibuje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole kwa baba, na hiyo santuri itunzeni vizuri. Kwa upande wa utunzi kaka yako hajakosea. The Gambler ni ya Don Schlitz, Lucille ni ya Roger Bowling na Hal Bynum, Ruby ni ya Mel Tillis, Lady ni ya Lionel Richie. Lakini muulize hivi, kama kazi yote ni ya mtunzi basi mbona The Gambler haikuvuma pale mwanzo? Schlitz aliiandika akiwa kijana wa miaka 23 hivi, anafanya kazi ya usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Nashville, na Bobby Bare ambaye ni mwimbaji mkubwa tu akairekodi kabla ya Kenny, ikapita kimya. Kisha mwaka 1978 ikafika kwa Kenny na prodyuza wake Larry Butler, ikabeba Grammy mbili, moja ya uimbaji wa Kenny na moja ya utunzi wa Schlitz. Maneno ni yale yale jamani! Kilichobadilika ni msimuliaji.

Weka huo wimbo usikilize ubeti wa kwanza bila kufanya kitu kingine. Kenny haimbi sana, karibu anaongea, sauti iko chini ina mkwaruzo kidogo, watu wawili wako kwenye treni usiku hawana usingizi, mzee mcheza kamari anaomba tone la mwisho la wiski ndio atoe ushauri wake. Hapo katikati ufunguo wa muziki unapanda kidogo tu, yaani wimbo wote unaanza kuimbwa juu kidogo, unajikuta umesogea mbele kwenye kiti hujui kwa nini. Halafu yule mzee anazima sigara, analala, na ndani ya usingizi huo huo anakufa, na Kenny anaipita hiyo habari bila kulia wala kupandisha sauti, anakuachia wewe msikilizaji uhuzunike mwenyewe. Mimi naamini hiyo aliipata kwenye jazi, manake kabla ya umaarufu alipiga besi kwenye kundi la Bobby Doyle pale Houston alikozaliwa, na mpiga besi mzuri anajua wakati wa kuwaachia wenzake nafasi.

Hilo la kampuni kutaka pesa sawa, kampuni gani haitaki. Ila Lady ilikuwa wimbo mpya kabisa, Lionel Richie aliuandika na kuuprodyuzi wakati bado yuko kwenye bendi ya Commodores, ukakaa namba moja Marekani wiki 6, na Desemba 1980 albamu nzima nayo ikafika namba moja. Imeuza zaidi ya nakala milioni 12 hukohuko Marekani. Halafu kuna Ruby, ambayo alianza kuiimba 1969 na bendi yake ya First Edition, mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani amepooza anamtazama mke wake akijipodoa jioni ili atoke. Toka aimbe huo mara ya kwanza mpaka Lady ni miaka 11, na ukizisikia kwa mkao mmoja unaona safari ya nyimbo za mtu mmoja, kitu ambacho albamu ya mwaka mmoja haiwezi kukupa.

SWALI: Kiingereza changu ni cha kuokoteza, Lucille naipenda kwa sauti tu. Hebu tuambie mle ndani kunatokea nini hasa, na je ni kweli Coward of the County inafundisha watoto kupigana?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Asante dada kwa swali hili, manake Lucille watu wanaimba kiitikio wanacheka wanagonga meza na wimbo wenyewe ni msiba. Ni baa moja mjini Toledo, ng'ambo ya stesheni. Mwanamke ameketi anavua pete ya ndoa, mwanamume mgeni anasogea, wanakunywa, mama anasema amechoka kuishi kwa ndoto, anataka naye acheke. Mara anaingia mume, jitu kubwa lina mikono yenye sugu za jembe, na yule mgeni anajua leo ndio mwisho wake. Wapi! Jitu linaanza kutetemeka, linamgeukia mke na kumwambia umechagua wakati wa kuniacha Lucille, watoto wanne wana njaa na mazao bado yako shambani. Hicho ndicho kiitikio. Mtu yeyote aliyelelewa na mkulima anajua uzito wa mazao yaliyo shambani bila mikono ya kuvuna.

Baada ya mume kuondoka, mgeni na yule mama wanakwenda hotelini kimya kimya, wanaingia chumbani, mama anamsogelea, ni mzuri kweli, na jamaa anashindwa hata kumshika kwa sababu maneno ya mume yanamrudia kichwani. Kiitikio kinaporudi hapo sasa kinatoka ndani ya kichwa cha mwizi, sio mdomoni mwa mume tena, na ni maneno yale yale. Kwa maoni yangu huo ndio utunzi bora kuliko wote kwenye albamu, kuupita hata The Gambler.

Kuhusu Coward of the County, Tommy alimwahidi baba yake aliyefia gerezani kwamba hatapigana, akaishi miaka yote anaitwa mwoga. Siku vijana watatu wa kina Gatlin wanambaka mpenzi wake Becky, anakwenda baa, anafunga mlango, anawapiga wote. Mwisho anamwomba baba yake amuelewe. Mimi nasikia huzuni ya mtu aliyevunja ahadi aliyoipenda, sisikii sifa za ngumi, lakini kwa sababu ya hilo la Becky ningesubiri watoto wakue ndio niwaeleze.

SWALI: Nimeitafuta Islands in the Stream kwenye hiyo albamu sijaiona, kwani yangu ni feki?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Sio feki. Wimbo huo Kenny aliuimba na Dolly Parton, ukatoka 1983, umeandikwa na ndugu watatu wa kundi la Bee Gees, na Kenny alikuwa ameshahamia kampuni nyingine. Kwenye hii kuna za kuimba wawili mbili, moja na Kim Carnes na moja na Dottie West, na hiyo ya Dottie ndio iliyompa yule mama namba moja yake ya kwanza kwenye chati za kantri, usiiruke. Mtandaoni kuna mikusanyo mingi ya Kenny yenye majina yanayofanana, kwa hiyo angalia mwaka 1980 na nyimbo 12, ukikuta Islands ndani basi huo ni mkusanyo mwingine wa baadaye.