Arki ya vanila ya nyumbani: mizani kwanza, halafu isahau chupa

Chupa yangu ya kwanza niliimwaga kwenye sinki. Nilikuwa nimeelekezwa nitie maganda matatu ya vanila kwenye chupa nzima ya vodka, nisubiri wiki tatu. Nikasubiri. Nikapata pombe yenye rangi ya chai ya rangi iliyopoa, na keki iliyonuka mayai.

Maganda yalikuwa machache mno, basi. Arki ya kweli inakula vanila kuliko mkono unavyopenda kutoa. Kanuni za Marekani, ambazo waokaji wengi wameziazima, zinataka takriban gramu 100 za vanila kwa lita moja, na alkoholi isipungue asilimia 35. Jikoni kwangu hiyo ni gramu 10 kwa kila mililita 100. Usihesabu maganda, maana moja lina gramu 2 na jirani yake 4. Kwa chupa ya robo lita mwambie muuzaji akupimie gramu 25, na usimame hapo hapo anapopima.

Kwenye kununua ndiko wengi tunakoumia. Shangazi yangu wa Bukoba ana vanila kwenye kibanja, marando yamepanda juu ya mibono katikati ya migomba na kahawa. Msimu wa maua humkuti ndani asubuhi. Ua likifunguka alfajiri, mchana limeshasinyaa, na asipowahi kulichavusha kwa kijiti chake hakuna ganda. Mmea huu asili yake ni Mexico, na wadudu wa kuuchavusha walibaki huko. Ujanja wa kijiti aliuvumbua Edmond Albius mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion. Alikuwa mtoto wa miaka 12 tu, tena mtumwa. Baada ya hapo ganda linakaa shambani kama miezi tisa, kisha linachovywa kwenye maji ya moto, linafunikwa kwa blanketi litoke jasho, linaanikwa, linawekwa sandukuni. Kilo tano sita za mbichi zinarudi kilo moja.

Sasa bei ikipanda, wezi wanaingia usiku. "Mwanangu, ukingoja ikomae unamngojea mwizi," aliniambia shangazi, na ndiyo maana watu wanavuna mapema. Ganda lililovunwa changa halina harufu ya kutosha, na halikaushiki vizuri. Niliwahi kununua la namna hiyo; lilikuwa jeusi na la kuvutia, nikalifungua baada ya wiki mbili, nikakuta ukungu mweupe kama unga.

Kwa hiyo nusa. Vanila nzuri inanukia utamu wenye uzito, karibu na zabibu kavu. Ukisikia majani makavu au kabati la nguo za zamani, rudisha. Na usihangaike na yale manene yanayong'aa, hayo ni ya kuuzwa kwa macho. Kwa arki chukua membamba, makavu kiasi, ambayo ukiyakunja yanagoma kidogo. Yana maji machache, na bei yake ni nafuu.

Kazi yenyewe haifiki dakika kumi. Pasua ganda kwa urefu kwa ncha ya kisu, utaona punje nyeusi ndogo kuliko mchanga zimeshikamana kama gundi. Usizikwangue. Kata ganda vipande viwili vitatu, tia kwenye chupa ya kioo iliyokauka, mimina vodka ya kawaida isiyo na ladha mpaka kila kipande kizame, maana kinachochungulia juu ndicho kitakachoharibika. Pombe yenye viungo itakuletea viungo vyake kwenye keki. Gongo usithubutu: hujui nguvu yake wala kilichomo. Wala usiipashe moto jikoni ili iwahi, mvuke wa pombe unawaka.

Andika tarehe, weka kabatini gizani, tikisa mara moja kwa wiki ukikumbuka. Mwezi wa pili inatumika. Mimi siigusi kabla ya mwezi wa sita, na ile ya mwaka mzima ndiyo nawapa wageni kwenye maziwa ya baridi, hapo ndipo unapoijua tofauti. Kwenye biskuti zilizookwa hadi zikakauka, ile arki ya chupa ndogo ya dukani, ambayo huwa ni vanilini, yaani harufu ya vanila iliyotengenezwa kiwandani, inatosha, na sioni haya kuitumia.

Jirani yangu hatumii pombe kabisa, hata tone la kwenye keki. Yeye namtengenezea ya gliserini ya chakula, sehemu tatu kwa moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vanila kiasi kile kile. Ni nzito, ina utamu wake, na inachelewa, kwa hiyo nampa baada ya miezi minane na yeye huweka kijiko kizima mahali ninapoweka nusu.

Maganda yaliyokwisha kazi kwenye chupa ya vodka huyaanika kwenye sahani siku mbili tatu, nayafukia kwenye kopo la sukari. Sukari ile ndiyo inayoingia kwenye vibibi vyangu vya Jumapili.