Senti za Marekani: ipi ya shaba, ipi ya zinki?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nafanya usafi wa nyumba huku Minneapolis, na mzee mmoja kanipa galoni zima la senti moja moja. Kuna ya 1943 nyeupe kama fedha. Kuna mbili za 1982, lakini moja nyepesi. Nina mali hapa, au nizibebe Mombasa niwauzie watu wa vyuma chakavu kama shaba?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hiyo nyeupe si fedha. Mwaka 1943 Marekani ilihitaji shaba kwa risasi na zana za vita, senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Isogezee sumaku, itanasa. Zilitolewa zaidi ya bilioni moja, kwa hiyo iliyochakaa mara nyingi haifiki hata dola.

Inayotafutwa ni ya 1943 iliyopigwa kwenye shaba kwa makosa. Zinazojulikana ni chache mno, na mnadani zimewahi kuvuka dola laki moja. Matapeli wanalijua hilo. Wapo wanaoipaka shaba ile ya chuma, ila sumaku huwaumbua. Wengine huchukua ya 1948 wakakwangua 8 ibaki 3, na hapo sumaku haikusaidii. Shika lenzi: 3 halisi ina mkia unaoshuka chini ya tarakimu nyingine.

Hizo za 1982 mkono wako haukukosea. Shaba ilipanda bei, na mwaka huohuo kiwanda kikahama kutoka asilimia 95 ya shaba kwenda kwenye zinki iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba, asilimia 2.5 tu. Nenda kwa sonara yeyote mwenye mizani nzuri: ya zamani ina gramu 3.11, mpya 2.5. Zote mbili ni za kawaida. Lakini ukipata ya 1982 yenye herufi D chini ya mwaka, tarakimu za mwaka zikiwa ndogo, na uzito wa gramu 3.1, usiitumie, kosa hilo la kuipiga kwa shaba ya zamani limeonekana mara chache sana.

Kuhusu Mombasa, hapana. Shaba iliyomo kwenye senti ya zamani inazidi thamani ya senti yenyewe, na ndiyo maana tangu mwisho wa 2006 ni marufuku kuziyeyusha au kuzisafirisha nje kwa ajili hiyo. Msafiri anaruhusiwa za dola 5 tu. Faini inafika dola 10,000, na jela miaka mitano. Kwa faida ya shilingi ngapi?

Usizisugue kwa ndimu wala majivu. Mkusanyaji akiona mng'aro wa kulazimisha anashusha bei papo hapo. Tenga kwanza zenye masuke mawili ya ngano mgongoni, za 1909 hadi 1958. Ikitokea ya 1909 yenye S chini ya mwaka na herufi V.D.B. chini kabisa mgongoni, zilitoka 484,000 tu. Hiyo mpelekee mthamini kabla hujamwonyesha mnunuzi.