Butiloda ikinyamaza baada ya mstari wa DRAM

Nilipoteza siku tatu kwa mstari mmoja wa C. Bodi ilikuwa BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja), waya wa siriali umechomekwa, spidi 115200, na U-Boot, yaani butiloda, programu inayoiandaa bodi na kupakia kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), inajitambulisha vizuri tu. Inaandika `DRAM:  512 MiB`, halafu kimya. Haitoi ujumbe wa kosa, haijiwashi upya. Nilibadilisha adapta ya umeme mara mbili, jambo ambalo leo naona aibu kulisimulia.

Sikujua kwamba muda mfupi baada ya mstari ule ndipo U-Boot inapohama nyumba. SPL, butiloda ndogo inayoitangulia, huiweka kwenye anwani 0x80800000, na RAM ya bodi hii inaanzia 0x80000000 mpaka 0xA0000000. Eneo la chini linatakiwa liachiwe kerneli na vitu vyake, kwa hiyo U-Boot inapanda darini. Inaanza kupima kutoka juu kabisa: inatenga jedwali la MMU (kitengo cha kusimamia kumbukumbu), chini yake inajitengea nafasi yake yenyewe, kisha eneo la malloc (kumbukumbu ya kugawa), kisha gd (data yake ya pamoja), kisha staki. Halafu inajinakili huko na kurukia nakala mpya.

Kunakili si kazi. Kazi ni anwani zilizokwisha kuandikwa ndani ya programu, kwa mfano pointa za fanksheni zilizopangwa kwenye jedwali. Zote bado zinaelekeza kule chini. Ndiyo maana linka (programu inayounganisha vipande vya kodi) huitwa na `-pie`, nayo huacha orodha iitwayo `.rel.dyn`. Kwenye ARM ya biti 32 kila ingizo lina baiti 8: anwani ya mahali pa kurekebisha, na aina ya rekebisho. Aina ikiwa 23, fanksheni ya `relocate_code` inaongeza tofauti kati ya makazi mapya na ya zamani. Ni mhamaji mwungwana anayepita kwa kila anayemdai kumwachia anwani mpya.

Sasa mtego wenyewe. Sehemu ya `.bss`, makao ya vigeu visivyopewa thamani ya mwanzo, imelazwa juu ya orodha hiyo hiyo, mahali pale pale. Waliofanya hivyo walikuwa na hoja: kabla ya kuhama, `.bss` haitumiki, baada ya kuhama, orodha haina kazi tena. Mimi nikaja na `static int toleo;`, na ndani ya `board_early_init_f` nikasoma pini za GPIO (pini za kuingiza na kutoa ishara) na kuandika 2 humo. Ingizo lililopaswa kutaja pointa fulani likawa linasema: karekebishe anwani 2. Ukiongeza tofauti, unaangukia 0x1F754002, mahali pasipo na RAM hata chembe.

Nikajaribu `= 0`, nikidhani nimekipa kigeu thamani. Haikusaidia, kwa sababu kompaila hurudisha sifuri kwenye `.bss`. Usiku wa tatu nikaweka `= 1` kwa kukata tamaa tu, bodi ikawaka! Hapo ndipo nilipoanza kuuliza swali la maana: kigeu hiki kinakaa wapi?

Kwa hiyo ukikutana na kimya hicho, kabla hujagusa saketi, endesha `nm`, inayoorodhesha vigeu na sehemu vinapokaa, kwenye faili la `u-boot` na utafute vigeu vyote unavyoviandika kabla ya kuhama. Ukiona herufi b, ndogo au kubwa, yaani kigeu kiko `.bss`, umempata mwizi. Wala usiridhike na hila yangu ya `= 1`. Kigeu kinahamia `.data` (makao ya vigeu vyenye thamani ya mwanzo), na kwenye bodi inayoanza moja kwa moja kutoka flashi ya NOR, `.data` haiandikiki wakati huo. Kitu kinachohitajika pande zote mbili za safari kiweke ndani ya gd, ambayo U-Boot huibeba yenyewe. Mimi nilichagua njia ya kivivu: pini bado zipo, nikazisoma upya baada ya kuhama, ndani ya `board_init`.

Jambo jingine litakalokusumbua ni dibaga, yaani gdb. Unaweka brekipointi baada ya kuhama, haishiki kamwe, kwa kuwa gdb bado anatazama nyumba ya zamani. Andika `symbol-file` peke yake ili asahau, kisha `add-symbol-file u-boot 0x9FF54000`. Hiyo ni anwani yangu. Yako utaipata kwa amri ya `bdinfo`, kwenye `relocaddr`. Usiikariri. Ukiongeza hata amri moja kwenye U-Boot, picha inanenepa, na kwa kuwa dari ni lile lile, mwanzo wake unaweza kushuka.

Na kama bodi inakufa kabla ya kufika kwenye `bdinfo`, simamisha prosesa kwa JTAG (kiunganishi cha kuidhibiti kutoka nje) kabla tu ya `relocate_code`, umuulize gdb: `p/x ((gd_t *)$r9)->relocaddr`. Kwenye ARM ya biti 32, rejista r9 ndiyo inayoshika gd.