Nimepiga Windows upya, basi langu na ramani havipo kwenye gemu

SWALI: Shikamoo fundi. Nacheza Euro Truck Simulator 2 ya Steam (duka la gemu la mtandaoni) nikiwa na modi, yaani faili za nyongeza, za mabasi na ramani. Laptop ilikuwa nzito mno, nikanakili folda yote ya Documents kwenye flashi, kisha nikapiga Windows upya. Nimerudisha kila kitu na profaili inaonekana, ila nikiifungua naambiwa kuna modi hazipo. Nilibonyeza niendelee, nikajikuta sina basi na safari imefutwa. Ndiyo basi tena? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Bado unayo, maadamu nakala iliyo kwenye flashi hujaigusa. Funga gemu sasa hivi.

Sevu, yaani rekodi ya ulipofikia, haibebi basi lenyewe. Imeandikwa tu kwamba unamiliki basi fulani na limesimama mahali fulani kwenye ramani fulani. Gemu ikikosa faili za basi na ramani hiyo, huondoa isichokitambua, kisha sevu inayojiandika yenyewe (autosave) huandika hali hiyo mpya juu ya ile ya zamani. Kwa hiyo modi zinatangulia, profaili inafuata. Ukigeuza mpangilio huo ndipo unapopoteza kweli.

Modi zako zina makao mawili. Zile ulizopakua kwenye tovuti mbalimbali ni faili za .scs ndani ya Documents\Euro Truck Simulator 2\mod, na hizo zilipaswa kuja na flashi. Zihakiki moja moja: flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na faili za ramani huwa kubwa. Kwa nakala zijazo fomati flashi kwa exFAT. Zile za Steam Workshop, ghala la modi ndani ya Steam, hazikai Documents kabisa, ziko steamapps\workshop\content\227300, na nadhani ndizo zilizokuponyoka. Zimefungwa kwenye akaunti yako, hivyo Steam itazishusha yenyewe. Subiri imalize zote, hata kama bando linauma.

Angalia pia toleo la gemu. Steam hukupa jipya kabisa, wakati modi yako huenda ilitengenezwa kwa toleo la nyuma. Bofya kulia jina la gemu, ingia Properties, halafu Betas, uchague toleo ulilokuwa nalo. Sevu ya toleo la zamani kwa kawaida hufunguka kwenye jipya, lakini iliyoandikwa na jipya usitegemee ifunguke kwenye la zamani.

Sasa profaili. Zima Steam Cloud (hifadhi ya sevu ya mtandaoni) kwa gemu hii, isije ikarudisha sevu iliyoharibika juu ya ile nzima. Ndani ya folda ya profiles utakuta folda zenye majina kama namba za siri. Ni jina lako tu, kila herufi imeandikwa kwa kodi yake: profaili ya Juma ni 4A756D61. Hamisha iliyopo kwenye laptop uiweke pembeni bila kuifuta, kisha nakili ile ya kwenye flashi nzima nzima. Usichukue folda ya save peke yake, kwa sababu orodha ya modi ulizowasha iko kwenye profile.sii, nje ya folda hiyo. Kama profaili ulikuwa unaitunza kwenye Steam Cloud, itafute Steam\userdata, ndani ya namba ya akaunti yako, 227300\remote\profiles.

Kabla ya kupakia sevu, fungua kidhibiti cha modi upange orodha ilivyokuwa. Ya juu huifunika ya chini, na ramani zinazotegemeana zikipishana gemu hujifunga. Onyo likitokea tena, rudi nyuma, usibonyeze kuendelea. Fungua game.log.txt kwa Notepad utafute neno error. Mara nyingi utakuta jina la modi inayogoma limetajwa hapo.

Basi likionekana, sevu mpya kwa jina jipya. Halafu piga picha ya orodha ya modi kwa simu, na unakili folda ile ya 227300 ya Workshop pamoja na Documents. Mtengenezaji anaweza kuondoa modi yake Workshop siku yoyote, na ikishaondolewa Steam haina pa kukushushia.